Benchi Nje ya Zahanati

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950. Kitabu kilihusu akili ya Mwafrika, akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Ndani yake Carothers alidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika, na sababu akaitoa: Mwafrika, kwa maoni yake, hajioni mwenye dhamana wala mwenye hatia, kwa hiyo hana cha kumwelemea moyoni. Akafika hata kuufananisha ubongo wa Mwafrika mzima na wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu anaweza kuyasoma hayo leo akakasirika, akakifunga kitabu. Mimi naona inafaa kukaa nayo kidogo, maana ndani ya ubaguzi ule kulikuwa na kosa la kiufundi, na katika kulirekebisha kosa hilo ndimo ulimozaliwa ufundi ninaotaka kuusifu hapa.

Carothers alihesabu waliolazwa. Hospitali ya akili ya kikoloni ilipokea mtu ambaye serikali au majirani wameshindwa naye: mwenye fujo, mwenye kutangatanga, mwenye kutishia watu. Mwanamke aliyeacha kulala usiku, anayepika bila hamu ya kula, anayekwenda kisimani na kurudi asijue aliyepishana naye njiani, hakuna askari aliyemkamata kumpeleka Mathari. Hakuwa akimsumbua mtu. Akabaki jikoni kwake, na daktari aliyekaa hospitalini akingoja wagonjwa waletwe akaandika kwamba watu wa namna hiyo hawapo.

Waliomjibu walimjibu kwa miguu. T. Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria aliyesomea Uingereza, alianza kazi Aro, karibu na Abeokuta, mwaka 1954. Alianzisha utaratibu wa kuwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumhudumia, wakija hospitali kwa matibabu na kurudi kijijini. Waganga wa jadi aliwakaribisha kama wenzake kazini. Miaka michache baadaye yeye na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliongoza timu iliyoingia vijiji vya Wayoruba kuwauliza watu wa kawaida habari za usingizi wao, hamu ya kula, machozi na mawazo. Dalili za sonona zilikuwepo, kwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga hospitali ya akili. Kisha mwaka 1979 John Orley na John Wing wakachapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda. Walipowalinganisha wanawake wa huko na wanawake wa Camberwell, London, sonona ilionekana kuwa nyingi zaidi Uganda. Ilichukua miaka 26 tangu kitabu cha Carothers, lakini dai lake lilikuwa limepinduliwa kabisa.

Kazi ya kutafiti maradhi ya hisia ina ugumu wake wa pekee. Mtaalamu wa malaria huchukua tone la damu, akakiona kimelea kwenye hadubini. Wa kifua kikuu ana makohozi na eksirei. Wa sonona hana cha kuweka chini ya lenzi. Ana swali, na ana jibu la mtu ambaye huenda anaona haya, anaogopa kuambiwa amerogwa, au amechoka mno hata kusema. Swali likikosewa, mgonjwa amepotea, wala hakuna mashine ya kumtafuta. Mwulize mama mwenye sonona kama ana huzuni, anaweza kukujibu hapana, tena kwa ukweli wake wote, halafu akakwambia kifua kinambana, kichwa kinawaka moto, na usiku kucha anahesabu boriti za paa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Vikram Patel, daktari kijana kutoka India aliyekuwa amesomea magonjwa ya akili Uingereza, alifika Harare, Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Alikuja na shaka: je, sonona ya vitabuni ni ugonjwa kweli, au ni jina jingine la umaskini na dhuluma? Alichofanya na wenzake nakihusudu mpaka leo. Walianza kwa kukusanya maneno. Waliwasikiliza wagonjwa waliofika zahanati na waliofika kwa n'anga, waganga wa Kishona, wakaandika jinsi watu wanavyoyaeleza mateso yao wenyewe, wakachuja na kupima na kuchuja tena, mpaka yakabaki maswali 14 ya kujibiwa ndiyo au hapana, yote ya wiki moja iliyopita. Limo swali la kuwaza kupita kiasi, hali ambayo Washona huiita kufungisisa. Limo la kulia, la ndoto mbaya, la tumbo kuuma, la kushindwa kuamua, la kazi kulala, na limo la kutaka kujiua. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa. Kwetu nako mtu hamwambii jirani kwamba ana sonona. Husema ana mawazo, na jirani huvuta kigoda.

Maswali hayo 14 yalichapishwa mwaka 1997. Yanatoshea nusu ukurasa. Nyuma yake kuna kazi ya miaka, na ni kazi isiyoleta sifa kubwa, kwa kuwa hakuna gazeti linaloandika habari ya dodoso. Nimeona watu wakiyadharau madodoso kama karatasi za kuchosha foleni. Natamani wangejua kwamba karatasi iliyotengenezwa vizuri inaweza kumfikia mtu ambaye macho ya daktari yangempita. Bila chombo kile, yaliyofuata Harare yasingepimika.

Yaliyofuata yalianza kwa uharibifu. Mei 2005 serikali ya Zimbabwe ilianza kubomoa vibanda na nyumba za mijini zilizodaiwa kutokuwa na vibali, katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Umoja wa Mataifa ulimtuma Mtanzania, Anna Tibaijuka, aliyekuwa mkuu wa UN-Habitat, kwenda kujionea. Ripoti yake ya Julai mwaka huo ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mbare, mtaa mkongwe wa Harare wenye soko kubwa la jiji, uliumia pamoja na mingine. Mwaka huohuo daktari wa akili Dixon Chibanda alipata habari kwamba msichana aliyekuwa akimtibu sonona amejinyonga. Mama wa marehemu alimweleza kwamba walijua wanatakiwa kurudi hospitali. Nauli ya basi, dola 15, haikupatikana.

Chibanda amelisimulia jambo hili hadharani mara nyingi, na kila nikilisikia naona jinsi lilivyo ndugu wa kosa la Carothers. Dawa zilikuwepo, daktari alikuwepo, ujuzi ulikuwepo, vyote vikikaa jengo moja na kumngoja mgonjwa aje. Zimbabwe ya wakati ule ilikuwa na watu zaidi ya milioni 10, na madaktari bingwa wa akili wasiofika 20. Hata kama kila mmoja wao angefanya kazi bila kulala, hesabu isingekubali.

Alipoomba nafasi ya kuanzisha huduma Mbare, aliambiwa hakuna chumba ndani ya zahanati, na wauguzi wamezidiwa na kazi. Alichopewa mwaka 2006 ni mabibi 14. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, wanaoitwa ambuya utano, kundi ambalo jiji lilikuwa nalo tangu miaka ya 1980. Wengi walikuwa wanawake wa makamo na wazee, wenye elimu ndogo ya darasani. Daktari bingwa aliyezoea wodi na vitabu angeweza kuliona hilo kama tusi. Yeye aliketi nao. Na kwa kuwa ndani hapakuwa na chumba, wakaweka benchi nje.

Mwanzoni alilipa benchi hilo jina la kitabibu, lenye kutaja afya ya akili. Mabibi wakamwambia waziwazi kwamba hakuna mtu wa Mbare atakayekalia benchi la namna hiyo mchana kweupe, watu wakimwona. Likabadilishwa jina, likawa benchi la kukaa na kupeana ushauri, na duniani likajulikana kama Benchi la Urafiki. Mabibi walikataa pia lugha ya vitabu. Hatua za mazungumzo zikapewa majina ya Kishona, ya kufungua akili, kuinua na kutia nguvu. Najua wasomi ambao wangelichukua pendekezo kama hilo, wakalishukuru kwa adabu, wakaliweka kabatini. Kulipokea kunahitaji mtu anayeuamini ujuzi wake kiasi cha kutoona haya kufundishwa na bibi mwenye elimu ndogo ya darasani.

Kinachofanyika juu ya benchi si maongezi tu ya kufarijiana, ingawa faraja imo. Ni tiba ya kutatua matatizo, yenye mpangilio unaofundishwa na kusimamiwa. Chukua mfano wa mama anayeishi na VVU. Mume amefutwa kazi, kodi ya chumba imelimbikizwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, naye ameacha kumeza dawa zake kwa wakati. Amejaza maswali 14, na jumla yake imefika 9 au zaidi. Bibi anamwacha amwage yote, hata kama saa nzima itapita. Hamwambii la kufanya. Akimaliza, anamwuliza: "Mjukuu wangu, katika haya yote, tuanze na lipi?" Mama akichagua ada, basi ni ada. Nani anaweza kusaidia? Shule inaweza kukubali malipo kidogo kidogo? Nani wa kwenda kuongea na mwalimu mkuu, lini, saa ngapi? Mama anaondoka na jambo moja dogo, lenye siku yake. Kikao kinachofuata kinaanzia hapo: ulikwenda? Ilikuwaje?

Naiona hekima kubwa katika udogo huo. Sonona humfanya mtu ayaone matatizo yake kuwa donge moja lisiloshikika. Anayeweza kulichana donge lile, akatoa uzi mmoja na kuuvuta mpaka mwisho, amerudishiwa kitu ambacho ugonjwa ulimnyang'anya, yaani kujua kwamba tendo lake linaleta matokeo. Vikao ni sita. Baada ya hapo mhusika hukaribishwa kwenye kikundi kiitwacho Circle Kubatana Tose, ambako waliowahi kukalia benchi hukutana, huongea na hufuma mikoba kwa plastiki iliyokwisha tumika, ambayo huwaletea fedha kidogo. Hilo la fedha halikuwekwa kama pambo. Mabibi walijua fika kwamba mtu hawezi kushauriwa mpaka njaa imwishe.

Sasa nifike kwenye sehemu ya ufundi huu ninayoiheshimu kuliko zote, nayo ndiyo isiyopigwa picha. Tangu 2006 Chibanda alikuwa na kitu kilichopendwa. Mabibi walikipenda, wagonjwa walikipenda, na wageni waliofika walitokwa machozi. Angeweza kuishia hapo, akazunguka dunia na simulizi. Badala yake alikipeleka mizanini. Zahanati 24 za jiji la Harare ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Ziligawanywa zahanati nzima, maana ukiwagawa watu ndani ya zahanati moja, aliyekaa na bibi asubuhi atamsimulia mwenzake mchana, na ulinganisho umeharibika. Kundi moja lilipata benchi. La pili nalo halikuachwa patupu: walipimwa, wakapewa ushauri mfupi na wauguzi, na dawa au rufaa kwa aliyehitaji. Jaribio lilifanyika kati ya Septemba 2014 na Mei 2015, na waliandikishwa watu 573. Baada ya miezi sita, zaidi ya 9 kati ya 10 walipatikana tena kuhojiwa, na yeyote aliyewahi kumtafuta mtu katika mitaa yenye wapangaji wa kuhamahama anajua jasho lililo nyuma ya hesabu hiyo.

Matokeo yalichapishwa Desemba 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, JAMA. Kwenye maswali 14 ya Kishona, waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walibaki na wastani wa 8.90, na waliokalia benchi wakashuka hadi 3.81. Kwa kipimo cha pili, kinachotumika nchi nyingi, sonona ilikutwa kwa asilimia 49.9 ya kundi la huduma ya kawaida na asilimia 13.7 ya kundi la benchi. Waliokuwa na fikra za kujiua walikuwa asilimia 12 upande wa huduma ya kawaida na asilimia 2 upande wa benchi. Nikiitazama tofauti hiyo, nawaona watu, siyo nukta. Na namwona mtafiti aliyelea jambo lake miaka minane, akakubali kulipima kwa namna ambayo ingeweza kumwonyesha kwamba halikuwa na faida. Mapenzi ya kazi ya namna hiyo ni adimu. Anayeihurumia jamii maskini huona mara nyingi kwamba huruma yake inatosha, na maskini huletewa vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuuliza kama vinafanya kazi. Kupima ni heshima. Mama wa Mbare anastahili tiba iliyothibitishwa kama anavyostahili mgonjwa wa London.

Ila ufundi una mpaka, na bingwa mwaminifu huutaja. Benchi halikutengenezwa kwa ajili ya kila maradhi ya hisia. Yupo mgonjwa wa bipola, ambaye msimu mmoja amezama kwenye sonona na msimu mwingine amepaa: halali, anaongea bila kituo, anagawa mali yake, anaanzisha safari na biashara zisizo na mwanzo wala mwisho. Akija siku ya huzuni, anaweza kufanana kabisa na jirani yake mwenye sonona ya kawaida. Ukimpa dawa ya kuinua hisia peke yake, unaweza kumsukuma kwenye mpao. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliitambua kuwa tiba mwaka 1949, bado ni miongoni mwa dawa bora kwake, ila ni dawa yenye masharti. Kipimo kinachoponya na kinachodhuru viko karibu sana, kwa hiyo damu lazima ipimwe mara kwa mara, na figo na tezi ya thairoidi ziangaliwe. Bibi hawezi kufanya hayo, wala haombwi kuyafanya. Kazi yake ni kumtambua mtu aliyevuka uwezo wa benchi na kumpeleka juu, na juu lazima pawe na mtu. Wapo wanasiasa watakaopenda kusikia kwamba mabibi wametosha, kwa kuwa mabibi ni wa gharama ndogo. Hawakutosha, na Chibanda mwenyewe amewekeza miaka katika kuwalea watafiti wachanga wa afya ya akili wa Zimbabwe, Malawi, Afrika Kusini na Ethiopia ili pale juu pasibaki patupu.

Afrika Mashariki nayo ina watu wa kazi hii. Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walipima, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, kama dodoso lililotengenezwa Marekani linaweza kuitambua sonona kwa wajawazito wa Dar es Salaam wanaoishi na VVU, na baadaye wakajaribu ushauri wa vikundi kwa wanawake wa hali hiyo. Ni kazi iliyofanywa kwa Kiswahili, kwenye kliniki za wajawazito, ambako mwanamke anafika hata hivyo kwa ajili ya mtoto. Benchi lenyewe nalo limevuka mpaka wa Zimbabwe, likafika Malawi na Zanzibar, na ng'ambo ya bahari likaigwa hadi New York.

Katika jaribio la Harare zaidi ya washiriki 8 kati ya 10 walikuwa wanawake. Haishangazi: zahanati mchana ni mahali pa mama na mtoto. Lakini karibu kila nchi duniani wanaokufa zaidi kwa kujiua ni wanaume, na mwanaume wa mjini haonekani kwenye benchi hilo saa nne asubuhi. Yuko barabarani na pikipiki, yuko sokoni akibeba magunia, yuko kijiweni, au amejifungia chumbani na chupa. Tukihesabu waliokaa kwenye benchi tu, tutamkosa kama Carothers alivyomkosa yule mama wa jikoni. Mtafiti atakayeianza kazi hiyo Dar es Salaam au Mombasa itabidi akae na bodaboda kijiweni kwao wiki nyingi kabla ya kuandika swali la kwanza, asikie wanavyoambiana wenyewe kwa wenyewe wanapokosa usingizi, na awe tayari, kama Chibanda mbele ya mabibi, kuambiwa kwamba jina alilokuja nalo halifai.